UCHAMBUZI: Kumrudisha mwanafunzi mlemavu darasa ni kumtoza deni la shule

KILA mwaka unapokaribia tamati na shule zikijiandaa kufungwa kwa likizo ndefu, wazazi wengi wa watoto wenye ulemavu huitwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Ripoti ya mtoto huwa mezani na ushauri huwa tayari: mtoto huyu bado hajaiva, heri arudie darasa.

Aghalabu ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Mwalimu aliyemwona mtoto akihangaika mwaka mzima huamini kwamba mwaka mwingine utampa nafasi ya kujikusanya. Mzazi naye, ambaye kwa miaka ameambiwa kuwa mwanawe ni mzito wa kuelewa, hukubali bila kuuliza.

Hata hivyo, kuna swali ambalo huwa halijajibiwa na yeyote kati yao. Mtoto huyo alishindwa kujifunza kwa sababu gani? Na je, kilichomshinda mwaka huu kitakuwa kimeondolewa ifikapo Januari?

Maadamu swali hilo halijajibiwa, kumrudisha darasa ni sawa na kumpa mgonjwa dozi ile ile ambayo haikumfaa, kwa matumaini kwamba mara ya pili itamponya.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haina utata kuhusu jambo hili. Kifungu cha 35 kinaeleza kwamba mwanafunzi aliyesajiliwa shuleni hatazuiliwa katika darasa lolote wala kufukuzwa shule.

Nafasi iliyoachiwa Waziri wa Elimu katika kifungu hicho ni ya kutunga kanuni kuhusu nidhamu na kufukuzwa kwa mwanafunzi mtukutu, tena baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kugonga mwamba, na mtoto pamoja na mzazi wake kupewa nafasi ya kusikizwa. Hakuna mahali kifungu hicho kinaposema kwamba mwanafunzi mlemavu ametengwa na kinga hiyo.

Juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na isiyolipiwa, nacho kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi na vifaa vya elimu vilivyojumuishwa katika jamii, kadiri inavyoafikiana na maslahi yake. Kifungu hicho hicho kinataja lugha ya ishara, Breli na njia nyingine zifaazo za mawasiliano.

Hata kabla ya Katiba hiyo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa imeziagiza taasisi za masomo kuzingatia mahitaji ya walemavu katika masharti ya kujiunga, alama za kufaulu, mtaala, mitihani, huduma za ziada na ratiba za masomo. Sheria hiyo imefutwa na mahali pake kuchukuliwa na ile ya 2025, ambayo pia inalinda haki yao ya elimu. Katika uga wa kimataifa, Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mnamo 2008.

Jambo la kuzingatia hapa ni mpangilio wa wajibu. Kabla ya kupima iwapo mtoto amefikia kiwango cha darasa lake, shule inapaswa kwanza kujipima iwapo ilimfundisha na kumtahini kwa njia anayoweza kuifuata. Mtoto asiyeona aliyepewa karatasi ya maandishi ya kawaida, au kiziwi aliyesomewa imla, hajaanguka mtihani. Hakupewa mtihani.

Mazoea ya alama ya wastani

Iwapo sheria iko wazi hivyo, kwa nini desturi hii haijakoma?

Sehemu ya jibu ni urithi wa mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985. Kwa miongo mingi, hadhi ya shule ya msingi ilipimwa kwa alama ya wastani katika mtihani wa KCPE. Mwanafunzi dhaifu alionekana kuwa doa kwenye sifa za shule, na njia rahisi ya kulifuta doa hilo ilikuwa kumzuia Darasa la Saba au kumshauri mzazi wake amtafutie shule kwingine. Watoto wenye ulemavu, ambao wengi wao walikuwa wakisoma bila vifaa wala walimu wa elimu maalumu, walikuwa wa kwanza kuathiriwa.

Mwaka wa 2014, aliyekuwa Waziri wa Elimu Prof Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kuorodheshwa kwa shule kulingana na matokeo ya mitihani ya kitaifa. Baadaye ukaja Mtaala wa Umilisi, CBC, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023.

Chini ya mtaala huu, tathmini ya KPSEA ya Gredi ya Sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2022, haimzuii mtoto kujiunga na sekondari msingi. Viwango vya ufanisi navyo ni vinne: kuzidi matarajio, kutimiza matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio. Neno 'kuanguka' halimo.

Kwa hivyo, kisingizio cha alama ya wastani kimepungua nguvu. Kilichosalia ni mazoea, na mazoea yana taabu. Shule inayojua kwamba sheria hairuhusu kumrudisha mtoto darasa huweza kumwomba mzazi aandike barua akisema kwamba yeye ndiye aliyeomba mwanawe arudie. Barua hiyo huhifadhiwa kwenye faili, na uamuzi wa shule ukageuka kuwa ombi la mzazi.

Mzazi anayetia saini barua ya aina hiyo anapaswa kufahamu kwamba haki ya kutozuiliwa darasani ni ya mtoto. Si mali ya mzazi, hata aweze kuigawa.

Ulemavu usiotambuliwa

Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba watoto wengi wanaorudishwa darasa hawajulikani kuwa ni walemavu.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani takriban watu 900,000, walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Utafiti wa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, uliofanywa mwaka mmoja kabla yake ulipata kwamba asilimia 11.4 ya watoto na vijana wa hadi miaka 21 walikuwa na ulemavu.

Tafiti hizo mbili zililenga umri tofauti na zilitumia mbinu tofauti, hivyo si haki kuzilinganisha kama vitu vya namna moja. Lakini tofauti kubwa kiasi hicho inatukumbusha jambo moja: ulemavu unaoonekana kwa macho, kama vile wa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, ni sehemu ndogo tu ya ulemavu uliomo madarasani.

Chukua mfano wa mtoto mwenye uoni hafifu aketiye dawati la nyuma. Anachonakili kutoka ubaoni ni nusu ya kilichoandikwa, na mwalimu asahihishapo daftari hukutana na makosa ambayo hayana maana. Au mtoto asiyesikia vyema kwa sababu ya maradhi ya masikio ya mara kwa mara. Yeye huitika kwa kichwa hata pale ambapo hakusikia swali.

Kuna na mwenye kifafa anayekosa masomo kila anapozidiwa. Yupo pia yule mwenye disleksia, ambaye anaweza kukusimulia hadithi kwa ufasaha lakini ukimpa kitabu, herufi zinamponyoka.

Watoto hawa wanne wakipata alama sawa za chini, ripoti zao zitafanana. Dawa yao, hata hivyo, haiwezi kuwa moja. Wa kwanza anahitaji miwani, maandishi makubwa na dawati la mbele. Wa pili anahitaji daktari wa masikio. Wa tatu anahitaji dawa za kila siku na mtu wa kumfidia masomo yaliyompita. Wa nne anahitaji mwalimu anayejua kufundisha kusoma kwa njia tofauti. Mwaka wa kurudia darasa hauwapi hata mmoja wao kile anachokihitaji.

Funzo kutoka Chicago

Suala hili halijazikumba shule za Kenya pekee. Mnamo 1996, jiji la Chicago nchini Marekani liliamua kwamba wanafunzi wa madarasa ya tatu, sita na nane ambao hawangefikisha alama fulani katika mtihani wasingepandishwa darasa.

Watafiti Jenny Nagaoka na Melissa Roderick wa Chuo Kikuu cha Chicago walifuatilia athari za sera hiyo na kuchapisha matokeo yao 2004. Waligundua kwamba waliorudia darasa la tatu hawakufaidika kuliko wenzao wenye uwezo sawa waliopandishwa, ilhali waliorudia darasa la sita walirudi nyuma zaidi.

Ugunduzi wao mwingine ndio unaotuhusu hasa. Wanafunzi waliorudishwa walipelekwa katika elimu maalumu kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, shule ziliwarudisha darasa kwanza, kisha ndipo zikaanza kushuku kwamba huenda kulikuwa na tatizo ambalo mwaka wa pili katika darasa lile lile haungelitatua.

Mpangilio huo wa mambo, wa kuadhibu kabla ya kuchunguza, ndio unaojirudia katika shule zetu.

Gharama asiyeiona mwalimu

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayeamua, mwaka mmoja ni kitu kidogo. Kwa mtoto anayeubeba, ni jambo jingine kabisa.

Watoto wengi wenye ulemavu huanza shule wakiwa wamechelewa. Wengine walisubiri matibabu, wengine walifichwa nyumbani, na wengine walikosa shule ya karibu inayoweza kuwapokea. Mtoto aliyeanza Gredi ya Kwanza akiwa na miaka tisa, kisha akarudishwa mara mbili, atakuwa Gredi ya Nne akiwa na umri wa miaka 14, amezungukwa na watoto wa miaka tisa na kumi.

Kwa msichana anayebaleghe, hali hiyo ni fedheha ya kila siku. Kwa mvulana, ni kichocheo cha kuacha shule na kutafuta vibarua. Mzazi naye huongezewa mwaka mwingine wa nauli, wa malazi ya shule ya bweni, au wa kumbeba mtoto mgongoni asubuhi na jioni.

Wapo watakaosema kwamba Kimani Maruge alijiunga na Darasa la Kwanza mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84 na hakuona haya. Ni kweli, na taifa lilimpongeza. Lakini Mzee Maruge alijichagulia darasa lake. Mtoto anayerudishwa huchaguliwa, na ujumbe anaoupokea ni kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

Kusukumwa mbele nako si suluhu

Itakuwa ni kujidanganya, hata hivyo, tukidhani kwamba kumpandisha kila mtoto darasa kunamaliza kazi.

Tangu 2018 serikali imesisitiza kwamba wanafunzi wote wavuke kutoka shule ya msingi hadi ya upili. Lengo hilo ni zuri, na limewafungulia mlango maelfu ya watoto ambao zamani wangeishia njiani. Lakini kuvuka ni kimoja na kujifunza ni kingine.

Mtoto kiziwi anayepandishwa mwaka baada ya mwaka katika darasa lisilo na mwalimu wala mwenzake hata mmoja anayejua lugha ya ishara, amehifadhiwa tu shuleni. Atafika Gredi ya Tisa akiwa na jina kwenye sajili na pengo kichwani. Walimu wanaotetea kurudia darasa huutaja mfano huu, na hawakosei wanapolalamika.

Wanakokosea ni kudhani kwamba njia ni mbili pekee: kumrudisha au kumsukuma. Zote mbili zinafanana kwa jambo moja. Hazimlazimishi mtu mzima yeyote abadilishe anachokifanya.

Njia ya tatu ni kumpandisha mtoto pamoja na marika yake huku akiandamana na mpango wake binafsi wa masomo: atafunzwa nini, na nani, kwa kifaa gani, na atapimwa lini. Mpango huo si ndoto ya wasomi. Walimu wa elimu maalumu hufunzwa kuuandaa, na KISE imekuwa ikiwaandaa walimu hao tangu ilipoanzishwa 1986.

Madaraja yasiyo na gredi

CBC yenyewe imetoa nafasi ambayo mfumo wa awali haukuwa nayo. Wanafunzi wenye ulemavu wanaoweza kufuata mtaala wa kawaida, kwa marekebisho ya hapa na pale, husoma kwa gredi kama wenzao. Hao ni pamoja na wengi wa wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo.

Wale ambao hali yao haiwaruhusu kufuata mtaala huo, mathalan wenye ulemavu mkubwa wa kiakili, usonji uliokithiri, au wasioona na pia wasiosikia, wana njia ya pili isiyotegemea umri. Hii ina madaraja manne: la msingi, la kati, la kujiandaa kwa ufundi na la ufundi. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, lina tathmini maalumu ya daraja la kati iitwayo KILEA.

Katika njia hii, mtoto huendelea anapoumudu ujuzi husika, uwe wa kujivisha nguo au wa kuhesabu pesa dukani. Kurudia darasa hakuna maana kwa kuwa hakuna gredi ya kurudiwa.

Hatari ni pale njia hiyo inapogeuzwa kuwa ghala. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye akili yake ni timamu lakini ulimi wake ni mzito anaweza kutupwa katika daraja la msingi kwa sababu tu hakuna aliyemsubiri amalize sentensi. Huko anaweza kukaa miaka bila mtu kuuliza kwa nini hasogei. Hiyo ni sawa na kurudishwa darasa kila mwaka, ila kwa jina jingine.

Ni nani aamue, na kwa misingi gani?

Ili kumweka mtoto panapomfaa, sharti kwanza atathminiwe na mtu aliyefunzwa. Kenya imekuwa na vituo vya kutathmini watoto na kushauri kuhusu elimu yao, EARC, tangu 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Tatizo ni kwamba vituo hivyo vina maafisa wachache na vifaa haba, na mzazi wa mashambani huhitaji nauli kuvifikia.

Ufadhili nao ni mdogo. Chini ya mpango wa elimu bila malipo ulioanza 2003, mgao uliopangiwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa miaka mingi umekuwa Sh1,420 kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalumu kuongezewa Sh2,300. Mashine moja ya kuandikia Breli hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwalimu wa darasa la wanafunzi 60 au zaidi hutakiwa kuamua hatima ya mtoto mlemavu. Kumlaumu yeye peke yake si haki. Lakini kumwachia uamuzi huo peke yake ni hatari zaidi.

Wizara ya Elimu inafaa kutoa mwongozo mmoja ulio wazi kwa shule zote. Pasiwe na uamuzi wowote kuhusu kiwango cha mwanafunzi mlemavu bila ripoti ya kituo cha tathmini. Ripoti hiyo iambatane na maelezo ya kile ambacho shule ilimfanyia mtoto mwaka mzima. Mzazi na mtoto mwenyewe wasikizwe, na uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake.

Mwongozo huo usisahau visa vichache vilivyo vigumu. Mtoto aliyelazwa hospitalini kwa miezi minane hakulisoma darasa lake, na kumrejesha humo kunaweza kuwa kwa manufaa yake. Kiziwi aliyejiunga na shule akiwa na miaka kumi bila lugha yoyote anahitaji kwanza muda wa kujifunza lugha ya ishara. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila hatua inayomhusu. Visa kama hivyo vipimwe kwa kigezo hicho, kimoja baada ya kingine, badala ya kuachwa vifanywe kwa siri kupitia barua za maombi.

Mzazi anaweza kuanza leo

Mzazi atakayeitwa ofisini mwishoni mwa mwaka huu hana haja ya kuungoja mwongozo huo. Anaweza kuuliza mambo manne. Mwanangu ametathminiwa na nani? Alisaidiwa vipi mwaka huu? Akirudia darasa, ni kitu gani kitakachofanywa ambacho hakikufanywa? Na kwa nini kitu hicho hakiwezi kufanywa katika darasa linalofuata?

Shule ikishindwa kujibu, mzazi ana haki ya kukataa kutia saini. Asiporidhika, anaweza kuifikisha kesi yake kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, na kutoka huko akate rufaa kwa Jopo la Rufaa za Elimu lililobuniwa na Sheria ya Elimu ya Msingi.

Swali la tatu kati ya hayo manne ndilo zito zaidi. Shule ambayo ina jibu lake haitahitaji kumrudisha mtoto, kwa kuwa msaada huo unaweza kumfuata mbele. Na ambayo haina jibu, haina la kumpa mtoto huyo kwa mwaka inaotaka kumnyang'anya.